Mlo Unaohama Nyumba

JOHANNESBURG. Jua la asubuhi limeshauruka ukuta wa ua huu wa La Rochelle, kusini mwa jiji, na Emiliana Mabena bado yuko jikoni akibishana na sufuria. Sufuria yenyewe haina neno. Mwenye sufuria ndiye mwenye neno.

“Mama Emi, unaniambia niwapatie bageni kijiko kimoja-kimoja, halafu baamke baende?” anauliza Hélène Kabwe bila kugeuka, mwiko umezama ndani ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. “Kwetu Lubumbashi hata paka ya jirani hatuifanyie vile.”

“Si kijiko kimoja, mama. Kiasi tu. Wana nyumba mbili nyingine mbele.”

“Basi baanzie kule. Kwangu bageni banakula.”

Emiliana anacheka kidogo, cheko la mtu anayeogopa kulia. Anachukua kitambaa na kupangusa sahani ambazo zilikwisha kupanguswa. Muda si mrefu gari litasimama nje ya geti na kushusha wageni sita. Kabla ya saa tisa alasiri wageni hao wanatakiwa wawe wamepita nyumba tatu, wameonja chakula cha kila moja, na wamepanda gari kurudi walikotoka wakiwa na furaha.

Wasipofanya hivyo, basi. Mwenye nyumba ya wageni anayewaleta amekwisha kumwambia, kwa upole lakini bila kuzungusha maneno, kwamba Jumamosi hii ya Oktoba 2018 ndiyo ya mwisho ya majaribio.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Emiliana, mwenye miaka hamsini na minne, hutembeza wageni kwa miguu katika mitaa ya La Rochelle, kikundi kisichozidi watu wanane, na kuwaingiza katika nyumba za akina mama waliohamia hapa kutoka Kongo na Burundi. Wanaketi, wanasikia habari za mwenye nyumba, wanaonja anachopika, wanaendelea. Kila nyumba yeye huiita kijiji.

“Mgeni akiniuliza La Rochelle ni nini, namwambia ni vijiji vilivyopanga vyumba,” anasema.

Yeye mwenyewe alizaliwa Morogoro, jirani na Mazimbu, ambako wakimbizi wa Afrika Kusini walikuwa na shule na mashamba yao enzi za ubaguzi. Akiwa binti alipata kibarua cha kuosha vyombo jikoni kwao. Huko ndiko alikokutana na Vusumuzi, kijana mrefu aliyerudi kila siku kuomba ukoko, hata siku ambazo ukoko haukuwepo.

Mwaka 1992 walikuja Johannesburg wakiwa na mtoto wao, Octavian, mgongoni. Vusumuzi alifariki miaka sita iliyopita. Octavian anafanya kazi Durban. Akipiga simu humsalimu mama yake kwa Kiswahili, kisha mazungumzo yote yaliyobaki ni Kiingereza.

Kwa miaka kumi na moja Emiliana amekuwa akitandika vitanda katika nyumba ya wageni huko Melville. Safari za kuonja zilianzia kwenye bakuli lake la mchana. Alikuwa akila dagaa nyuma ya chumba cha kufulia, mgeni mmoja akafuata harufu, akauliza chakula kile kinapatikana wapi. Emiliana akajibu kwa Kiingereza chake cha tahadhari, “Kwa watu.”

Jumamosi iliyofuata alimchukua mgeni huyo na wenzake wawili, akawapeleka kwa rafiki yake Hélène. Walirudi wakiimba. Mwenye nyumba ya wageni akaona jambo.

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda mrefu, nyumba moja, kikundi kimoja. Mwaka huu hali ilibadilika mara mbili. Kwanza Emiliana alipunguziwa kazi, akabaki na siku tatu kwa wiki. Kisha mwenye nyumba ya wageni akapendekeza safari ipanuliwe, iwe kama zile za nchi nyingine, ambako watalii wachache hupita vijiji vitatu kwa siku moja wakionja kila mahali. Mgeni angelipa randi 480, na kila nyumba ingepata 650.

Kwa Hélène, ambaye ni fundi cherehani na hulipa kodi ya randi 2,500 kwa mwezi, Jumamosi mbili nzuri ni nusu ya kodi. Emiliana akakubali kwa niaba ya wote. Akaongeza nyumba ya Arlène, mama wa Bukavu anayesuka nywele, na ya Tabia, Mrundi wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu kule Bujumbura.

Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Katika jiko la Hélène, sahani ya mgeni haiachwi tupu. Mgeni akikaribia kumaliza, anaongezwa. Akisema ameshiba, hiyo ni adabu yake tu, anaongezwa. Akisema mara ya pili, bado ni adabu. Ni mara ya tatu ndipo anaaminiwa. Wageni wa kwanza hawakulijua hilo. Walisema mara moja, wakaona sahani imejaa tena, wakadhani kukataa ni matusi, wakala.

“Walipofika kwa Arlène walikuwa wanatembea kama watu waliobeba mawe,” Emiliana anakumbuka.

Arlène alikuwa amekaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani kwao. Ziliguswa kwa heshima. Kwa Tabia hakuna aliyeweza hata hilo. Pilau lilikaa mezani likipoa, na mgeni mmoja aliyekuwa na safari ya jioni ile nusura akose ndege. Tabia alilifunika sinia lake, akasema, “Hakuna tabu, dada.”

“Hilo ‘hakuna tabu’ liliniuma kuliko tusi,” anasema Emiliana.

Kwa hiyo safari ya pili alijitia moyo, akamwambia Hélène apakue kidogo. Hélène hakubisha. Alitoa visahani vya chai, akaweka kijipande cha bukari, ule ugali wao wa Katanga, na majani ya sombe yanayohesabika, akaketi pembeni akitazama ukuta. Wageni walionja, wakashukuru, wakaondoka kwa wakati.

Siku iliyofuata, nje ya kanisa, mama mmoja wa kwao alimshika Hélène mkono mbele ya wenzake, akamwita yaya, yaani dada. “Yaya Hélène, umefilisika? Tunasikia unalisha bazungu na visahani vya chai.”

Wote walicheka. Hélène naye alicheka, kisha hakumpokelea Emiliana simu kwa muda wa wiki mbili. Tabia ndiye aliyewapatanisha, na hata hivyo haikuwa amani kamili. Mwenye nyumba ya wageni, aliyesikia wageni wakisema mwenyeji wa kwanza alionekana kama amefiwa, naye alianza kusita.

Hivyo ndivyo Emiliana alivyofika kwenye asubuhi hii ya kupangusa sahani safi.

Gari likaja. Wakashuka mume na mke kutoka Cape Town, wanawake wawili Wajerumani, na binti mmoja Mgiriki aitwaye Evanthia, anayefanya kazi hapa Johannesburg. Evanthia alikuwa amemshika mkono bibi yake, Stamatia, mama mfupi mwenye gauni jeusi, aliyekuja kumtembelea mjukuu na ambaye hakujua neno la Kiingereza.

Hélène alipakua sahani halisi, lakini sahani nusu. Ndiyo makubaliano waliyoyafikia jikoni dakika ya mwisho. Palikuwa na bukari, sombe, na kikanda, ule mkate wa karanga na mizizi ambao watu wa Lubumbashi huukata vipande kama soseji. Wageni walikula vizuri, wakauliza maswali, wakaonyeshwa cherehani. Kila mara sahani ilipokaribia kwisha mkono wa Hélène ulinyanyuka wenyewe kwenda kwenye sufuria, na kila mara Emiliana alimtazama, na mkono ukarudi.

“Nilimwonea huruma,” anasema. “Ni kama kumkataza mtu kupokea salamu.”

Alipoona wakati umefika alipiga makofi taratibu, akawaalika waelekee kwa Arlène. Watano walisimama. Stamatia hakusimama. Alikuwa amemshika Hélène kifundo cha mkono, anasema jambo kwa Kigiriki, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeomba ruhusa.

Evanthia akawa mwekundu usoni. “Samahani, mama. Bibi hataki kuondoka.”

“Hajashiba?”

“Si hivyo. Anasema hamwachi huyu mama.”

Emiliana aliona saa ukutani, akaona gari la saa tisa, akaona pilau la Tabia likifunikwa tena. “Nikasema moyoni, Emiliana, leo ndiyo basi.”

Lakini bibi aliendelea kusema, na Evanthia akaendelea kutafsiri, na Emiliana akamtafsiria Hélène, maneno yakipita midomo mitatu kabla ya kufika.

Stamatia anaishi katika kijiji cha milimani, kisiwani Krete. Kwa miaka tisa sasa, gari dogo huleta watalii wachache kijijini kwao kila wiki wakati wa kiangazi. Hupita nyumba tatu, na yake ni ya pili. Huwawekea zeituni, jibini, mkate wa tanuri, na mwisho kijiko kimoja cha zabibu zilizochemshwa kwa sukari na glasi ya maji baridi, kwa kuwa ndivyo mgeni anavyopokelewa kwao. Kijiko kimoja tu, na ni heshima kamili. Wanafurahi, wanapiga picha. Kisha honi inalia.

“Wanainuka wote kwa pamoja kama kuku waliorushiwa jiwe,” bibi alisema, na Hélène aliposikia hilo kwa Kiswahili alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. “Nabaki mimi na visahani. Najiuliza, wamekipenda au walikuwa na haraka tu? Nyumba ya tatu ni ya binamu yangu. Miaka tisa sijui kwake wanakula nini!”

Kisha akasema leo ndiyo mara yake ya kwanza kuwa upande wa wageni, na hawezi kumfanyia mwenzake anachofanyiwa yeye. Akauliza swali ambalo Emiliana anakiri halikuwahi kumpitia akilini.

“Kwa nini huyu mama asije nasi?”

“Niende wapi?” Hélène akashangaa alipotafsiriwa. “Si miye mwenye nyumba?”

Emiliana anasema wazo halikuja kama wazo. Lilikuja kama jambo la nyumbani, la kawaida kabisa, ambalo mtu husahau kwa sababu kila mtu analifanya.

“Mama Hélène,” alisema, “mgeni akiondoka kwako, unamfanyaje?”

“Namsindikiza.”

“Mpaka wapi?”

“Mpaka kwenye robot, kwenye mataa ya barabara. Kama ni mtu wa maana, namuvusha na robot.”

“Basi wasindikize hawa mpaka kwa Arlène. Na mlo haujaisha, tunaenda kuuendeleza kule. Beba sufuria.”

Hélène alitazama sufuria, akamtazama bibi wa Kigiriki ambaye hakuwa ameelewa neno lakini alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali.

“Na bukari?”

“Nayo.”

“Weye, Mama Emi.” Alivua aproni, akajifunga kitenge kizuri. Mlangoni akageuka. “Lakini Arlène akisema sombe yangu iko na chumvi mingi, narudi nayo!”

Hivyo wakatoka. Mbele Emiliana, nyuma yake Hélène na sufuria ya sombe kichwani, kisha Stamatia akikumbatia bukari iliyofungwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Mjerumani mmoja alibeba kigoda ambacho hakuna aliyemwomba akibebe.

Ng’ambo ya barabara, getini kwake, alisimama MaRadebe, mama Mzulu ambaye nyumba yake inatazamana na ya Hélène kwa miaka mitano sasa. Katika miaka hiyo wamesalimiana wakiwa kila mmoja upande wake wa lami, basi. Mwaka 2015, maduka ya wahamiaji yalipovunjwa katika sehemu kadhaa za jiji, Hélène alijifungia ndani siku kadhaa, hakujua jirani yake anawaza nini. Hakumuuliza, na hakuambiwa.

“Eish! Nani anaolewa?” MaRadebe aliita kwa Kizulu.

“Hakuna, mama. Tunakula tu,” Emiliana akamjibu kwa lugha hiyo hiyo.

“Mnakula huku mnatembea?”

“Nyumba moja haitutoshi!”

MaRadebe akacheka mpaka akashika geti.

Arlène alipofungua mlango aliwatazama wageni, akaitazama sufuria, akaweka mikono kiunoni. “Hélène! Umekuja kukagua jikoni mwangu?”

“Nimekuja kukula. Leta sahani.”

Ni hapo mezani Emiliana alipoona jambo likijitengeneza lenyewe. Sahani moja ilikuwa na sombe ya huyu na sambaza za yule, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuijaza peke yake. Na kwa kuwa mlo ulikuwa bado unaendelea, sahani nusu haikuwa tusi kwa mtu. Hélène hakuwa tena mwenyeji aliyeachwa. Alikuwa mgeni anayelalamika kwamba sambaza zimekaangwa mno, huku akichukua nyingine.

Arlène naye, bila kuambiwa, alimimina samaki waliobaki kwenye bakuli, akafunga mlango wake, akaungana na msafara.

“Jamani!” Tabia alisema alipowaona wakiingia uani mwake. “Nilimwambia Emiliana alete wageni, ameleta na majiko!”

Alitandika jamvi pana. Pilau lilifunuliwa, mvuke ukapanda, na safari hii watu walikuwa na nafasi tumboni. Tabia alisimama akiangalia vijiko vinavyoingia na kutoka, hakukaa mpaka alipoulizwa na Stamatia, kwa ishara ya vidole, kama kuna nyongeza. Hapo akakaa, akajifuta macho kwa pembe ya mtandio, akasingizia vitunguu.

Emiliana pia alikula. Tangu aanze kazi hii hakuwahi kuketi pamoja na wageni. Husimama, hutafsiri, hutazama saa. Anasema siku hiyo alisahau saa kabisa, ila wageni walikuwa garini kwa wakati.

Honi ilipolia, waliinuka wote kwa pamoja, kama kawaida. Lakini nyuma yao hakubaki mtu peke yake na vyombo. Walibaki akina mama wanne uani, wakiosha na kutaniana chumvi ya nani imezidi. Stamatia aligeuka mara ya mwisho, akawaambia kupitia mjukuu wake kwamba akirudi kijijini atambebea binamu yake jibini hadi mlangoni. “Miaka tisa nasikia tu kwamba la kwake ni bora,” alisema. “Tutaona.”

Jumatatu, Emiliana akiwa Melville anatandika kitanda, mwenye nyumba ya wageni alisimama mlangoni. Alimwambia Wajerumani wameongeza siku ili warudi tena, na kwamba angependa safari hizo ziendelee kila Jumamosi mpaka mwisho wa Desemba, kisha wazungumze habari za mwaka mpya.

“Kazi yetu hairuhusu kukaa kwenye kitanda cha mgeni,” anasema Emiliana. “Siku hiyo nilikaa. Nikamwomba samahani. Akasema, kaa tu.”

Si kila kitu kimekuwa chepesi kwake. Melville bado ni siku tatu tu kwa wiki. Jumamosi moja mvua ya mawe iliwakuta barabarani na sufuria, wakajibanza chini ya kibaraza cha duka la Mreno, pilau likaliwa pale pale. Hélène bado huongeza sahani ya mgeni akidhani Emiliana hamwoni. Lakini anapokea simu, na kanisani wenzake wanamwuliza mtu afanye nini ili nyumba yake nayo iingie kwenye msafara.

Emiliana anataka nyumba ya nne mwakani, na si ya mtu wa kanisani. Ni ya MaRadebe.

Si Emiliana aliyeomba. Jumamosi ya tatu ya msafara, mama huyo aliwasimamisha njiani. “Ninyi, mnapita hapa na sufuria kila wiki, mnanipungia mkono kama mnasimamisha basi?” Akasema yeye hupika mahindi ya kukoboa na maharage, yaliyolala motoni hadi yakalainika. Emiliana alipoyaonja aligundua ni kande, ile ile ya kwao Morogoro.

“Nimeishi nchi hii miaka ishirini na sita,” anasema, “sikujua kande iko ng’ambo ya barabara.”

Wamepanga kuanza Januari, Mungu akipenda. Alipompelekea Hélène habari hiyo, alidhani atafurahi. Hélène alikunja kitambaa alichokuwa akishona. Kisha akasema haitafaa aingie kwa jirani yake mara ya kwanza akiwa na wazungu nyuma.

“Nitaenda kwanza miye mwenyewe,” alisema. “Siku ya Mungu, kisha kutoka kanisa. Nitamupelekea kikanda.”

Kizulu chake ni cha sokoni, cha kuuza na kununua. Ameanza kumwuliza Emiliana maneno mengine: mtu anasemaje kwao kwamba chakula ni kitamu, anasemaje habari za watoto. Ameomba pia Emiliana aende naye siku hiyo.

“Nimemwambia nitamsindikiza mpaka getini,” anasema Emiliana. “Kuingia ataingia peke yake.”